Vijiti vya Shaba

Kunda hakuwa mtu wa kupokea kitu bila kukiuliza kilikotoka. Ukimletea kabati bovu, kwanza analizunguka. Analigonga kwa kifundo cha kidole, ananusa mlango kwa ndani, anapitisha kucha kwenye kona zilizovimba kwa maji. Kisha anakugeukia wewe: ni la nani, lilikaa chumba gani, mbona linatoka leo na si mwaka jana. Majirani wa mtaa wa Katuba, mjini Lubumbashi, walimcheka. Walisema fundi huyu hata kivuli chake anakidai kitambulisho. Yeye hakujibu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haya, na kwa kuwa alijua kinachomfanya aulize.

Alizaliwa kijiji cha Kasomeno. Shule aliiacha baada ya darasa la sita, baba yake alipofariki, akapelekwa mjini kwa mjomba aliyetengeneza vitanda na majeneza. Huko alijifunza randa na patasi, na miaka mingi alikula kwa jasho la mbao za mulombwa, ule mti mgumu mwekundu. Halafu magogo yakaanza kupita barabarani juu ya malori bila kusimama, mbao zikawa adimu, na wateja wakahamia kwenye kabati za karton.

Ndivyo watu wanavyoziita. Zinavuka mpaka wa Kasumbalesa zikiwa zimelala bapa ndani ya boksi, nawe unaziunganisha mwenyewe nyumbani kwa skrubu na vijiti. Kwa nje zinang'aa kama mbao ya heshima. Kwa ndani ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Kabati la namna hiyo likishasimama, usilisogeze tena. Siku mwenye nyumba anapohama, au siku bati linapovuja, ndiyo siku yake ya mwisho.

Mwanzoni Kunda alizichukia. Mara moja alivunja moja aliyoiokota ili awashe jiko, na moshi wake ukanuka vibaya hata mke wake akatoa sufuria nje. Vipande vilivyobaki vikakaa ukutani. Akavitazama siku nyingi. Mwishowe akazijaza kona zake kwa gundi na vumbi la msumeno, akakizungushia kila kipande fremu ya mbao ya kweli, kisha akachoma juu yake, kwa chuma cha moto, mistari ile ile ambayo mama yake alikuwa akisukia mikeka. Kikatoka kitu ambacho hakikuwa na pacha mjini kote. Tangu hapo watu wakaanza kumletea mabovu yao. Kiwandani kabati hizo zilitoka mapacha, mamia kwa mamia. Kwa Kunda kila moja ilitoka na uso wake.

Sehemu aliyofanyia kazi ilikuwa kibanda ndani ya lupango, kiwanja chenye ukuta na lango, cha Papa Stanislas, mzee aliyestaafu reli. Zamani kulikuwa na fundi wa pili humo, mchomeleaji aitwaye Guelor. Siku moja maaskari waliingia, wakafukua nyaya za shaba zilizoibwa chini ya mifuko ya mkaa ya Guelor, wakabeba kila walichokuta, pamoja na randa za Kunda. Ili azipate tena ilimbidi asimame mbele ya meza nyingi za maofisa, kofia mkononi. Papa Stanislas naye, katika uzee wake, alilala mahabusu. Alipotoka alimwita Kunda, akamwambia maneno machache tu.

"Shaba ao kitu ya wizi ikiingia tena mu lupango yangu, nafunga mulango. Sitauliza ni ya nani."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kunda hakuwa na mahali pengine pa kuweka benchi yake ya kazi, na kwa umri wake hakuna fundi ambaye angempa kona. Ndiyo maana aliuliza.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika tu, Djo wa mkokoteni aliingia akisukuma kabati la nguo lililofungwa kwa blanketi. Nyuma yake alikuwa mama mmoja mwenye kitenge kilichopauka na kilemba kilichoshuka mpaka kwenye nyusi. Kunda alilizunguka lile blanketi kabla ya kulifungua.

"Ni armoire ya nani, mama?"

"Yangu."

"Na wewe ni nani?"

"Mama Exaucée."

"Ba Exaucée beko wangapi mu Lubumbashi, mama?"

"Na ba armoire ya hivi iko ngapi, papa?"

Djo alicheka peke yake. Mama hakucheka. Alieleza kwamba anataka kabati ligeuzwe meza ya kushonea, yenye droo za nyuzi na mahali pa kukalisha mashine. Kisha akasogea, akapunguza sauti.

"Lakini ufanye kusudi hata ule alikuwa analala pembeni yake asiitambue."

Neno hilo lilimwingia Kunda kama kibanzi chini ya ukucha. Kwa desturi yake angemwambia Djo ageuze mkokoteni. Lakini mbao zilikuwa kavu, hazijanywa maji hata kidogo, na meza ya kushonea ilikuwa kazi ambayo hajawahi kuifanya na amekuwa akiifikiria kwa muda mrefu. Hamu ya kazi ndiyo iliyomponza. Akasema liachwe.

Alilifungua polepole, skrubu moja baada ya nyingine. Alipotenganisha ubavu na sakafu ya kabati, alitegemea kuona vile vijiti vidogo vya mbao vinavyokaa ndani ya matundu kushikanisha pande mbili. Hakuviona. Ndani ya kila tundu kulikuwa na kijiti cha shaba nyekundu, kimekatwa kwa mkono na ncha zake kusuguliwa mpaka zikawa laini.

Kunda alitazama langoni. Akavuta pazia la gunia. Akavichomoa vyote, akaviweka ndani ya mkebe wa maziwa, akaufukia mkebe chini ya maranda.

Sasa yale maneno ya mama yalikaa sawa kichwani mwake. Kwa nini mtu atake kabati lisitambulike? Kwa nini afiche shaba mahali ambapo hakuna jicho linalofika? Alijisemea kwamba amegeuzwa njia ya kupitishia mali, kabati kwa kabati, kiasi kidogo kidogo, na siku atakapokamatwa yule mama atakuwa hana jina wala anwani. Aliwaza kuutupa mkebe chooni. Mara mbili alinyanyuka nao, na mara mbili aliurudisha, maana anayetupa kitu usiku ama mchana kuna anayemwona, na atakayeulizwa ni yeye. Kila pikipiki iliposimama nje, randa ilisimama mkononi mwake.

Mwishowe alimfuata Djo kijiweni, akamuuliza alikolibebea lile kabati.

"Papa Kunda, unataka kumuoa?" Djo akasema. "Uende pole pole, ule mama hachekake."

Alimwelekeza mtaa wa Kampemba, lupango lenye lango la bluu karibu na bomba la maji. Jumapili, baada ya ibada, Kunda alikwenda, akisema moyoni kwamba ataangalia tu na kurudi.

Alikuta kilio. Turubai lilikuwa limetandwa uani, wanaume wamekaa kwenye viti kuzunguka moto, wanawake wamejaa ndani na barazani. Kwenye kilio hakuna anayeulizwa kilichomleta, kwa hiyo Kunda alipewa kiti, akakaa. Kwa kusikiliza tu alijua mengi. Marehemu aliitwa Michée, alikuwa fundi wa umeme wa majumbani, aliugua tumbo akafa kabla watu hawajajua ugonjwa. Kaka yake mkubwa, Mumba, mtu mpana mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa akilalamika. Vitu vya marehemu havisogezwi mpaka kilio kitoke, yaani matanga yaishe, alisema, na hapo ndipo ukoo unagawana. Lakini kabati la mdogo wake halionekani. Mke anadai mvua ililivimbisha, akalivunja kuwapikia waombolezaji ugali.

"Tangu lini karton inaivisha bukari?" Mumba aliuliza, na wazee wakaguna.

Hapo mlango wa nyumba ulifunguliwa, na Kunda akamwona Mama Exaucée ameketi juu ya mkeka, amevaa nyeusi, kichwa kimenyolewa. Naye alimwona. Uso wake haukubadilika, lakini mkono wake uliacha kupepea nzi.

Mzee wa pembeni akamuuliza Kunda, kwa wema tu, alimjuaje marehemu. Kunda hakuwa na uongo uliokuwa tayari. Ulimi ukasema wenyewe.

"Nilijua kazi ya mikono yake."

Mumba aligeuka. Alimtazama usoni, kisha akashuka mpaka kwenye vidole vyake, na pale kulikuwa na gundi iliyokauka na vumbi la msumeno kwenye kucha. Kunda aliaga kabla ya chakula, jambo ambalo nalo watu huliona.

Kesho yake mama alifika kibandani, amevua nyeusi, amevaa kile kitenge kilichopauka. Alikuwa ametoroka kwa kisingizio cha kwenda kuchota maji, na alikuwa na hasira.

"Ulikuya kutafuta nini ku kilio yangu?"

Kunda alifukua mkebe, akauweka juu ya benchi. Mama aliinama. Alichukua kijiti kimoja, akakishika kwa muda.

Alimweleza akiwa bado amesimama. Kabati walilinunua wote wawili, sehemu kubwa ikitoka kwenye nguo za shule alizokuwa akishona. Michée alilibeba mwenyewe kutoka Kasumbalesa juu ya lori. Mpakani walipasua boksi kukagua, na kifuko cha vijiti kikapotea humo humo. Wangeweza kupigilia misumari, lakini Michée alisema msumari unapasua mbao ya karton. Basi akakaa jioni nyingi, akakata vijiti kutoka kwenye mabaki ya nyaya za kazi zake. Kitanda, televisheni, friji, ukoo utachukua, na wachukue. Desturi anaijua, amekua ndani yake. Mwanamke anatoka na sufuria zake, na jembe lake, na kile anachofanyia kazi. Kabati si sufuria. Lakini meza ya mashine?

"Mashini iko chini, ku sima," alisema, akikanyaga saruji ya sakafuni. "Nashona magoti inauma. Na mutoto nitamulisha na nini?"

Kunda alisikiliza, na bado hakuamini. Kila mwizi wa nyaya ana marehemu wa kusingizia, aliwaza. Ya ukoo aliweza kuyakubali, maana aliyasikia kwa masikio yake. Ya shaba hayakuwa na shahidi. Alitaka kumwambia abebe mbao zake aondoke. Lakini mbao zilikuwa zimeshakatwa, na kabati lililokatwa nusu linabaki kabati lililokatwa nusu, kila mtu analitambua. Usalama wake mwenyewe ulikuwa katika kumaliza. Akamwambia arudi kilio kitakapotoka.

Alifanya kazi kama mtu anayefukia kitu. Milango miwili ikawa uso wa meza. Mbavu zikawa droo. Aliizungushia yote fremu ya mulombwa aliyoitunza tangu enzi za mjomba, akatia miguu minne mizito, akachoma mistari ya mkeka pembeni, akapaka vanishi mara kwa mara mpaka ile kahawia ya kiwandani ikafa kabisa. Matundu ya zamani aliyaziba kwa vijiti vya mbao na gundi. Isipokuwa tundu moja, chini ya uso wa meza, mahali ambapo goti la mshonaji linafika. Alilitazama, akachukua kijiti kimoja cha shaba mkebeni, akakirudisha humo. Hakujua vizuri kwa nini. Mkono ulitangulia.

Vanishi ilikuwa bado inanuka Mumba alipoingia. Watu wa kilio walikuwa wamemuuliza Djo, kama Kunda alivyomuuliza. Njia aliyoipasua mwenyewe ndiyo waliyoifuata. Na Mumba hakuja peke yake. Alipitia kwanza kwa mwenye lupango, kama mtu mwenye adabu anavyofanya, na Papa Stanislas alikuwa nyuma yake na fimbo.

"Kunda," mzee akasema, "huyu papa anatafuta armoire ya ndugu yake. Anasema iliingia hapa."

Kabla Kunda hajafungua mdomo, Mumba alikuwa ameshapita. Ukutani kulikuwa na kabati la kahawia linalongoja kazi, limeletwa na mwalimu mmoja wa mtaa wa Kenya aliyehama nyumba. Mumba alilipiga kofi ubavuni, kwamba ndilo lenyewe.

"Njo hii. Angalia hapa, hata mukwaruzo yake naijua."

Kunda aliona njia imefunguka mbele yake. Angenyamaza tu. Mumba angebeba kabati la mwalimu, kilio kingekwisha, mjane angepata meza yake, na lupango lingetulia. Mwalimu angeweza kuambiwa lolote. Nani angebisha? Hata aliyelala karibu nalo hangeweza kutofautisha moja na jingine. Lakini Papa Stanislas alikuwa akimtazama, na hakuwa akitazama kabati.

"Haiko hii, papa," Kunda alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Hii iko na mwenyewe."

"Unanifundisha kitu ya mudogo wangu?"

"Ya mudogo wako ilikuwa na alama gani?"

Mumba alimtazama kwa dharau. Alisema alama yake haionekani kwa nje. Vijiti vilipotea mpakani, na Michée akavikata vingine vya shaba. "Mimi mwenyewe njo nilimushikia waya. Waya ya kazi ya nyumba ya mama yetu, ile kidogo ilibakia. Nilimucheka, nilimuambia iko anajenga armoire ao iko anajenga radio."

Kunda alijua sasa kwamba shaba ilikuwa na shahidi. Alichukua bisibisi, akalegeza kona ya kabati la mwalimu, akaivuta. Kijiti kilichochungulia kilikuwa cha mbao. Mumba aliinama, akakigusa, akabaki ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ndipo Kunda alipofukua mkebe mbele ya Papa Stanislas, shaba ikaonekana. Fimbo ya mzee iligonga sakafu mara moja.

"Ilikuya hapa," Kunda alisema. "Armoire hamuna tena. Kile mikono ya ndugu yako ilitengeneza ni hii. Kamata."

"Njo yote?"

"Njo yote iko mu mukebe."

Mumba alimimina vijiti kwenye kiganja. Uso wake haukulainika. Aliendelea kuzungusha macho kibandani mpaka yakatua kwenye meza. Akaiendea. Akagonga, akavuta droo, akapitisha kidole kwenye mistari ya mkeka.

"Na hii meza ni ya nani?"

"Ya mama mumoja anashonaka."

Mumba alijua, na Kunda aliona kwamba anajua. Papa Stanislas akavuta kigoda, akakaa, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Kwenu, papa, munakamataka mashini ya mwanamuke?"

"Hapana," Mumba alijibu, kwa kuudhika. "Siye hatuko bantu ya hivyo."

"Na kile mashini inakalia?"

Mumba alifunga kiganja juu ya vijiti, akavitia mfukoni. Langoni aligeuka kuangalia tena, kama mtu anayehisi amerudishiwa chenji pungufu lakini hajui imepungua wapi. Kisha akaondoka. Papa Stanislas alibaki kigodani. Alisema tu kwamba kuanzia leo kila kabati litasimama langoni kwanza, na maswali yataulizwa mbele yake, maana Kunda anauliza mengi lakini anachelewa kuuliza lile la maana. Kunda akakubali.

Kilio kilipotoka, Mama Exaucée alikuja na Djo. Kunda alivuta gunia lililofunika meza, akasimama kando akijifuta mikono. Alitegemea angalau neno la asante. Mama aliizunguka meza. Aliigonga kwa kifundo cha kidole. Alifungua droo, akanusa. Macho yake yakawa membamba.

"Papa, hii haiko armoire ya Michée."

"Njo yenyewe, mama."

"Hapana. Yetu ilikuwa ya kahawia. Ilikuwa nyepesi. Hii unanipatia ya muntu mwingine, na yetu unaiuzisha. Niliambiwa wewe iko muntu wa kweli."

Djo akaweka mkokoteni chini, kusudi asikie vizuri. Kunda alijaribu kueleza fremu, vanishi, miguu, lakini maneno hayakuwa rafiki zake, na kila alichosema kilimwongezea mama wasiwasi. Hakukuwa na mlango wa kumwonyesha, wala bawaba, wala kona aliyoizoea. Alikuwa ameagizwa hivyo, na alikuwa ametii.

"Ikala," alimwambia mwishowe, akamsogezea kigoda. "Ikala sawa iko unashona. Tia mukono chini, pale magoti inafika."

Mama alikaa kwa shingo upande. Mkono ukaingia chini ya meza, ukapapasa ubao, ukatafuta huku na huku. Ukasimama. Kidole chake kilikuwa juu ya kile kichwa kidogo cha shaba, kilichosuguliwa mpaka kikawa laini.

"Na ingine iko wapi?" aliuliza.

"Iko kwa mulamu wako, Mumba."

"Anajua hii moja iko hapa?"

"Hakuuliza."

Mama Exaucée alimtazama Kunda muda mrefu, jinsi Kunda alivyozoea kuwatazama watu. Kisha akamwambia Djo ashike upande ule mzito, na asiburuze miguu ya meza.